Uzembe ndani ya ambulensi: usimdai dereva peke yake

Mgonjwa akifia ndani ya ambulensi ya kukodi, hasira ya ndugu humwangukia dereva, na dereva hana cha kulipa. Kisheria, mwajiri hubeba uzembe wa mwajiriwa wake alioufanya akiwa kazini. Kanuni hiyo ilikuja na sheria za Uingereza zilizopokewa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zinaitumia mpaka leo. Hati ya madai iwataje wote wawili, dereva au mhudumu aliyezembea na kampuni.

Kampuni itasema huyo ni kibarua tu. Mahakama itaangalia nani anampangia zamu, nani anamwelekeza kazi, gari ni la nani. Au itasema dereva alikuwa kwenye shughuli zake. Kama alilichukua gari usiku kwenda kubeba mizigo ya shemeji yake, utetezi huo una nguvu. Lakini kupita njia aliyokatazwa huku mgonjwa amelala nyuma ni kuifanya vibaya kazi ya mwajiri, na kampuni haichomoki hapo.

Oksijeni ndiyo inayoniuma zaidi. Mtungi wa saizi E uliojaa una takriban lita 680. Kwa lita 10 kwa dakika unaisha baada ya dakika 68. Kwa lita 15, baada ya dakika 45. Fikiria Mbagala hadi Muhimbili saa ya foleni, mtungi umetoka kituoni ukiwa nusu. Hesabu hiyo ilipaswa kupigwa kabla gari halijawashwa. Hapo kampuni yenyewe imezembea kukagua vifaa, achilia mbali kosa la mhudumu. Na usitegemee bima ya lazima ya gari ilipie mtungi mtupu. Hiyo imewekwa kwa ajili ya madhara ya gari barabarani.

Kuchelewa nako kuna kesi yake. Mwaka 2000, katika Kent dhidi ya Griffiths, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliiwajibisha huduma ya ambulensi iliyopokea simu ya daktari wa mgonjwa wa pumu, kisha ikafika baada ya kama dakika 40 bila sababu ya maana. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila wakili anaweza kuutumia kushawishi.

Kigumu zaidi ni kuthibitisha kwamba uzembe ndio ulioleta madhara. Omba nakala ya vipimo vya mgonjwa alivyopokelewa navyo hospitali, hasa kiwango cha oksijeni kwenye damu na saa ya kufika. Usifute kumbukumbu za simu wala ujumbe wa malipo. Andikia kampuni mapema, kwa barua yenye tarehe, itunze daftari la safari na rekodi za GPS. Weka kila risiti, maana gharama halisi zisizothibitishwa hazilipwi. Kama gari lilipata ajali, chukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Wengi husubiri kesi ya trafiki ya dereva iishe kwanza, na muda haukusubiri. Ukipita, shauri hutupwa hata ushahidi ukiwa wazi.