Picha Mia Tatu za Maji

Sisi tuliokulia Uyole, Mbeya, ambako asubuhi za Julai mtu akizungumza mvuke humtoka kinywani, bahari tuliijua kwa kusimuliwa. Maji makubwa niliyoyazoea ni ya Ziwa Nyasa pale Matema, na humo hakuna pomboo. Kwa hiyo nilipopata likizo nilipanda treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam, nikavuka hadi Unguja, nikaenda Kizimkazi, kusini mwa kisiwa.

Siku ya kwanza sikuipenda. Boti zetu zilikuwa nyingi, na kila pezi lilipochomoza, injini zote zilinguruma kulifuata. Pomboo hupumzika kwa kulaza nusu moja tu ya ubongo, maana sharti aibuke kuvuta hewa. Kundi linalofukuzwa asubuhi nzima hupumzika saa ngapi? Nilirudi na picha mia tatu za maji, na mkia mmoja.

Kesho yake nilitoka alfajiri na nahodha mzee ambaye ujanani alikuwa mvuvi, enzi zile ambapo pomboo walivuliwa wawe chambo cha papa, kabla utalii haujashamiri katika miaka ya 1990. Tulipofika mbali kidogo na kundi alizima injini, tukakaa kimya. Nilipoelekeza kamera palipokuwa na mawimbi, alinigusa bega.

“Hapo ulipomwona keshaondoka, mwanangu. Tazama mbele yake.”

Niliweka kamera ipige kwa kasi ya sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde, nikapunguza kuvuta lenzi ili nipate nafasi pembeni, kisha nikategemea masikio: pomboo husikika akipumua, pumzi fupi yenye kishindo, na mara nyingi mwenzake huibuka hatua chache mbele. Hivyo ndivyo nilivyompata jike mwenye mapengo mawili nyuma ya pezi la mgongoni, alama ambazo watafiti huzitumia kumtambua pomboo mmoja mmoja, na ubavuni mwake mtoto aliyeibuka naye kwa pamoja.

Nyumbani, mama alizipitia picha akiwa kando ya jiko la mkaa, akakawia kwenye hiyo. Nilimweleza kwamba si samaki, ananyonyesha. Akauliza kama maji yale ni ya baridi kama ya kwetu. Nilipomwambia ni ya uvuguvugu, alicheka.

“Kumbe ndiyo maana wanarukaruka.”