Kielelezo cha ateri: ukuta umekamilika, sasa seli

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, umekauka. Ni matabaka matatu ya magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano, na upande mmoja nimeukata kwa msumeno ili ndani paonekane.

Wanaopita barazani wananiuliza mafuta nitayabandika wapi, wakidhani yanaganda kwenye tundu kama kutu ndani ya bomba la maji. Hapana. Plaki, yaani uvimbe huo wa mafuta, huota ndani ya ukuta wenyewe, chini ya utando mwembamba wa seli unaogusana na damu. Kwa hiyo hapo nimeacha mwanya.

Shanga za njano ni LDL, chembe zinazobeba kolesteroli. Zikinasa mle na kuharibiwa na oksijeni, utando huota vishikio. Monositi, aina ya seli nyeupe za kinga zinazopita na damu, hunaswa, hupenya na kugeuka makrofeji. Kazi ya makrofeji ni kula taka, nazo hula bila kushiba hadi zinajaa matone ya mafuta na kuonekana kama povu kwenye hadubini. Nikolai Anitschkow alishaziona mwaka 1913 kwa sungura aliowalisha kolesteroli huko St. Petersburg. Zangu ni vipande vya sponji ya godoro nilivyovitoboa kwa sindano ya moto. Sponji kuukuu ndiyo nzuri, mpya inajikunjua.

Makrofeji zinazokufa bila kuzolewa hubaki kuwa uchafu katikati: nta ya mshumaa, basi.

Kifuniko cha plaki, kinachoitenga na damu, ndicho kilichonichukua muda, na ndicho ninachokipenda. Seli za misuli hukijenga kwa kolajeni (nimetumia uzi wa katani), lakini seli T, nazo ni seli za kinga, hutoa kemikali ya interferoni gama inayozuia ujenzi huo, huku makrofeji zikimwaga vimeng'enya vya kuikatakata. Kushoto nimesuka uzi mwingi, kulia nyuzi chache tu. Kulia tundu la damu ni pana zaidi, makusudi: plaki nyingi zinazopasuka na kuleta mshtuko wa moyo hazikuwa zimeziba sana.

Kibao cha maelezo kitautaja utafiti wa CANTOS wa 2017. Zaidi ya wagonjwa 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walishiriki; kanakinumabu, dawa ya kutuliza uchochezi (mwitikio huu wa seli za kinga), kwa dozi ya miligramu 150 ilipunguza matukio mapya ya moyo na mishipa kwa asilimia 15 bila kushusha kolesteroli. Vifo vya maambukizi viliongezeka, nalo nitaliandika kwa herufi zilezile.

Bado seli T. Nilitaka vifungo vya shati, ila vinazipita makrofeji zangu kwa ukubwa, na inatakiwa iwe kinyume. Nitajaribu dengu zilizopakwa rangi ya bluu.