Ukwaju ulivyonikomesha

Jumatano iliyopita nilikula maharage yaliyolala. Umeme ulikatika tangu jana yake, friji likawa kabati tu, na yale maharage yalishaanza kutoa kaharufu. Lakini nilirudi kazini na njaa yangu, nikayapasha moto, nikayashushia chapati mbili. Saa tisa usiku tumbo likaanza kunguruma kama bodaboda mbovu. Hadi adhana ya alfajiri nilishakwenda msalani mara sita.

Sasa, mimi ni mtoto wa Muheza. Kwetu machungwa yanaozea chini ya miti, na bibi yangu kila ugonjwa wa tumbo ana tunda lake. Nikakumbuka alivyokuwa akininywesha maji ya ukwaju nilipokuwa mdogo. Na ukwaju ulikuwepo ndani, ule wa juisi. Nikauloweka kwenye maji ya moto, nikaufikicha mpaka kokwe zikaachana na nyama, nikachuja kwa chujio la chai. Nikanywa glasi mbili bila sukari, maana dawa tamu siiamini. Meno yakafa ganzi. Nikajiona tabibu.

Saa mbili zilizofuata sizielezi hapa.

Kulipopambazuka vizuri nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona sauti imekwisha hivyo?"

Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akapaliwa. "We mtoto! Ukwaju nilikupa siku ile umeshindilia mapera na kokwe zake, siku tatu hupati choo. Leo mlango uko wazi, unang'oa na bawaba?"

Ndiyo shida ya hili neno letu "tumbo". Aliyekosa choo anaumwa tumbo, anayeharisha anaumwa tumbo, aliyejaa gesi naye tumbo. Ukwaju unalainisha, kama papai lililoiva. Mwenye kuharisha anahitaji vitu vya ukakasi. Bibi hukausha maganda ya komamanga juani mpaka yawe magumu kama soli ya kiatu, kisha anayafungia kwenye kopo la Blue Band. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikombe kimoja cha maji, kichemke mpaka maji yafanane na chai ya rangi. Ukinywa, ulimi unajikunja. Ni tanini hiyo, jamaa ya ile iliyomo kwenye chai iliyokolea. Watoto wadogo hawapi kabisa, na hataki mjadala.

Ila siku ile hakuanza na komamanga. "Kwanza maji," alisema. "Umekauka, nakusikia." Nikajikokota hadi duka la dawa. Binti pale akaniuliza maswali mawili tu: kuna damu kwenye choo? Una homa? Vyote hapana, akanipa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kila moja kwa lita 1 ya maji safi. Ukikosa pakiti, lita hiyohiyo unatia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kilima. Angenijibu damu ipo, asingeniuzia kitu, angenipeleka hospitali.

Mchana nikachemsha ndizi mbichi tatu, nikaziponda na chumvi kidogo. Hizi sikuzila kwa ajili ya bibi tu. Watafiti wa Bangladesh waliwapikia ndizi mbichi watoto waliokuwa wanaharisha kwa muda mrefu, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba walipona haraka kuliko waliokula chakula cha mchele peke yake. Wanga wa ndizi mbichi haumeng'enywi wote; unaobaki unafika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na kinachotokana na hapo kinausaidia utumbo kunyonya chumvi na maji. Ladha yake? Kama kutafuna kadibodi yenye chumvi. Nilimaliza.

Ijumaa nilikuwa mzima. Pengine ningepona hata bila ndizi, kuharisha kwa namna ile mara nyingi hukoma kwenyewe. Bibi sijamwambia hivyo.

Jumamosi kondakta wa basi la Tanga akanipigia nikachukue mzigo. Vifuko viwili vya kitambaa cha khanga kuukuu: cha ukwaju kina fundo moja, cha maganda ya komamanga kina mafundo mawili. Bibi akapiga simu kuhakikisha nimeelewa. "Fundo moja linafungua, mawili yanafunga. Rudia nisikie." Nikarudia. "Tena," akasema.