Pole zenu zinaniongezea maumivu

Watu wa Tanga kwa kutembelea mgonjwa hatuna mpinzani, ila jamani kwa kumtisha pia hatujambo. Mgongo ulivyoanza kunibana pale kiunoni (nashinda kwenye cherehani hapa Ngamiani, ningeponea wapi) kila aliekuja na pole alikuja na msiba wake, mara shangazi yake alianza hivyo hivyo akaishia kitandani, mara jirani wa Chumbageni alisema mgongo mgongo kumbe figo. Wakiondoka nabaki macho kodo naubonyeza mgongo, ndo napooza hivi, watoto nani atawalea, na usiku huo maumivu yanapanda kweli kweli.

Kumbe wenzetu walishalipima hili. Mwaka 1995 huko Kanada mwanasaikolojia Michael Sullivan na wenzake walitoa dodoso la sentensi 13, maksi 0 mpaka 52, linaangalia unavyorudia rudia kuwaza maumivu, unavyoyakuza, na unavyojiona huna la kufanya. Wenye maksi za juu kwa kawaida ndo wanaoumia zaidi, hata baada ya operesheni. Na nyuma huko 1965 watafiti wa maumivu Melzack na Wall walishasema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti la kupitisha maumivu, na ubongo nao una sauti kwenye kulifungua na kulifunga. Ongeza na hofu ya kuinama, basi huinami, hutembei, misuli inakaza na kudhoofika, mgongo unazidi.

Sasa asije mtu kuniambia "ni mawazo yako tu", hapo tutakosana. Maumivu yapo, na yakikaa sana yenyewe ndo yanaleta hayo mawazo. Na "acha kuwaza" nayo haisaidii kitu, nani anaacha kwa kuambiwa? Mimi mtu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) alinipima akanielezea taratibu kwamba kuuma sio lazima iwe kuharibika, akanipa mazoezi, jioni natembea mpaka Raskazone. (Ila miguu ikifa ganzi au mkojo ukakataa au kutoka wenyewe, hapo kimbia hospitali usisubiri.)

Mama mkwe kaniuliza sasa wakija waseme nini. Nimemwambia waje na umbea wa harusi, maana nikicheka nasahau kabisa kama nina kiuno. Kanijibu, "Basi kesho nakuja mapema, yapo mengi."