Simu, Uzi wa Kijani na Hedhi ya Binti Yangu

Binti yangu alivunja ungo akiwa na umri wa miaka 12, sawa na dada yake mkubwa, ingawa niliwahi kuambiwa kwamba watoto wenye ulemavu wa akili huchelewa. Yeye hujifunza polepole, lakini mwili wake haukusubiri masomo. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu habari hii ni yake kabla ya kuwa yangu.

Wiki hiyohiyo ushauri ulianza kumiminika kwenye baraza ninaposhonea, hapa Bondeni, Nakuru. Jirani mmoja wa makamo, mtu mwema katika mambo mengine, aliniambia, "Mwanangu, mtoto wa namna hii hawezi kujua lolote. Siku zake zikifika mfungie ndani mpaka ziishe." Kwenye zahanati, mhudumu alinishauri bila hata kumtazama binti aliyekuwa ameketi kando yangu kwamba afungwe kizazi ili nipumzike. Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka hadi leo. Kufunga mirija hakukomeshi hedhi hata kidogo. Sindano ya kuzuia mimba ya kila miezi mitatu, ambayo wengine waliitaja, mara nyingi huleta matone ya damu yasiyotabirika, hasa miezi ya mwanzo, na mtoto anayetokwa na matone bado anahitaji kujua kuvaa sodo. Wanaosema kwamba njia hizo zitamkinga na wanaume wabaya wanasahau kwamba zinazuia mimba tu. Mwanaume mwenyewe hazimzuii. Niliporudi zahanati mwezi uliofuata nilikuwa nimeusoma Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, na nikamwonyesha mhudumu yule mahali panaposema kwamba watu hawa, wakiwemo watoto, wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Hakulirudia tena neno lake.

Aliyenisaidia ni mwalimu wa kitengo maalumu anakosoma binti yangu. "Mama," aliniambia, "maneno yanampita. Mwonyeshe, tena umwonyeshe kidogo kidogo, na usichoke kurudia." Kurudia ndiko kulikonishinda, kwa maana mtu aliyeshinda kwenye cherehani hana subira ya kueleza jambo moja mara thelathini. Simu haichoki. Nilinunua moja iliyotumika kwa shilingi elfu nne na ushei, nikaamua kwamba itakuwa ya kazi hiyo tu.

Mwanzo nilikosea, na kosa hilo ningependa kila mzazi alijue. Nilipakua kwenye intaneti video moja nzuri sana ya Kiingereza, yenye msichana anayetabasamu na mkono unaomimina maji ya bluu juu ya sodo ili kuonyesha jinsi yanavyofyonzwa. Binti yangu aliipenda, na kwa siku kadhaa aliitazama asubuhi na jioni. Hedhi ilipofika nilimpa sodo, nikamwachia simu, nikasimama mlangoni. Aliitazama chupi yake, akaitazama simu, akaitazama chupi tena. "Si hii," akasema, akanirudishia sodo. Nilimbembeleza, nikamkaripia, na kwa siku mbili nilimvalisha mwenyewe huku analia. Siku ya tatu nilimkuta uani amechuchumaa kando ya karai, ameishika chupa ya bluu ninayotumia kung'arishia shati za shule, anaimiminia sodo tone baada ya tone kwa uangalifu mkubwa, na ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama afanyavyo anapochora. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amelishika somo vizuri kuliko nilivyodhani: sodo ni ya maji ya bluu, na kilichomtoka yeye hakikuwa cha bluu. Niliketi chini kando yake nikamwomba radhi.

Video ile niliifuta usiku huo, nikaanza kutengeneza zangu. Nilichemsha bitiruti, maji yake nikayakoroga na unga kidogo wa ngano mpaka yakawa mazito. Mwili wa binti yangu sikuupiga picha hata mara moja, wala sitaupiga, kwa kuwa simu huibwa, huazimwa na hupelekwa kwa fundi, na picha ikishatoka hairudi. Nilishona mwanasesere wa vitambaa mwenye kimo cha mtoto mdogo, nikamvika chupi, na mikono inayoonekana kwenye video ni ya binti mwenyewe. Mikono hiyo ilileta mabadiliko makubwa. Alipoitambua bangili yake kwenye skrini alipiga kelele, "Mimi!" na tangu hapo hakuhitaji kulazimishwa kutazama.

Video ni saba, na hakuna inayofika nusu dakika: kunawa mikono, kufungua sodo, kuibandika, kuvaa na kukagua, kuitoa iliyotumika, kuizungushia gazeti na kuitia kwenye mkebe wenye kifuniko, kisha kunawa tena. Mkebe una sababu yake, kwa sababu choo chetu ni cha shimo na tunakitumia na wapangaji wengine, na sodo hazikubaliki humo. Zote nilizipiga chooni, mlango ukiwa umefungwa. Ile ya majaribio niliipiga mezani, na jioni yake aliondoka mbele ya wageni akaenda kuanza kazi palepale mezani. Anaiga anachokiona, pamoja na mahali alipokiona. Mwalimu alinishauri nianze kumfundisha kutoka mwisho: mimi nifanye yote, yeye atie mkebeni na kunawa, apongezwe, akilimudu hilo, arudi hatua moja nyuma. Kwa njia hiyo kila siku alimaliza kazi kwa ushindi.

Kubandika ndiko kulikokuwa kugumu. Aliiweka sodo mbele mno, au kuipinda, au kuigeuza gundi juu ikamnasa ngozi. Hapa ufundi wangu ulinifaa. Nilichukua chupi sita za pamba, nikaiweka sodo ndani ya kila moja mahali pake hasa, nikachora ukingo wake kwa chaki ya kushonea, kisha nikapitisha uzi wa kijani kuufuata mchoro ule pamoja na mabawa. Nilichagua kijani kwa sababu mwekundu angeudhania damu. Sasa kazi yake ikawa kuifunika njia ya kijani mpaka isionekane, mchezo ambao aliumudu kwa siku mbili. Wateja wangu wawili wenye mabinti kama wangu nimewashonea, nao wananilipa bei ya uzi.

Tatizo lililofuata lilikuwa saa. Sodo inafaa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, naye hasomi saa. Niliweka kengele ya simu, lakini mlio wake ulifanana na wa mtu anayepiga, na siku moja shangazi yake alipopiga mara kwa mara kutafuta mzigo wake, binti alibadilisha sodo kila simu ilipolia. Paketi nzima, ya shilingi mia moja hivi, ilikwisha kabla ya magharibi. Nilimwomba shangazi huyohuyo, anayempenda kuliko sisi sote, anirekodie sauti yake: "Mpenzi wa shangazi, ni saa ya kubadilisha." Sauti hiyo ndiyo kengele yake mpaka leo, naye huiitikia, "Ndiyo, shangazi," kabla ya kuinuka.

Shuleni hupewa sodo bila malipo, kama sheria ya mwaka 2017 inavyoagiza kwa wasichana wa shule za umma. Paketi ya kwanza haikuwa na mabawa, kwa hiyo aliikataa, nikalazimika kupiga video nyingine ya aina hiyo. Programu ya kuhesabu siku haikunifaa sana, kwa maana ilibashiri siku 28 ilhali yeye alipata baada ya siku 24, kisha 37, mambo ya kawaida kwa msichana wa umri wake. Ninachokitegemea zaidi ni kwamba siku moja kabla ya hedhi huukataa uji.

Mwezi uliopita simu ilianguka, kioo kikapasuka, ikabaki kwa fundi siku tano, na hedhi ikafika katikati yake. Nilimfuata chooni nikiwa tayari kumsaidia, nikakuta amefunga mlango. Ndani nilimsikia akijiambia kwa sauti maneno yangu ya kwenye video, neno kwa neno, hata mahali nilipokohoa akakohoa: "Funika kijani. Bonyeza. Bonyeza mabawa." Kisha nikasikia kifuniko cha mkebe, na baadaye maji ya kunawa.