Mhindi, Mhindu, na irabu moja niliyorudi nayo Tanga

Nilirudi Tanga mwezi Machi 2024, baada ya kuishi miaka 11 mjini Pune, katika jimbo la Maharashtra, kwanza nikisoma na baadaye nikifanya kazi. Wiki mbili za mwanzo bibi yangu alikuwa akipokea wageni waliokuja kunipa pole ya safari, na karibu kila aliyeingia, akishaulizia afya na kunitazama kama nimekonda au nimenenepa, aliniuliza swali lile lile: "Wahindi wakiwa kwao wakoje?" Mara ya kwanza nilijibu kwa habari za chakula, mara ya pili kwa habari za treni na msongamano wa watu, na mara ya tatu nikanyamaza, kwa kuwa nilitambua kwamba swali lenyewe limebeba neno ambalo watu wa India wamekuwa wakigombania maana yake tangu Waingereza walipoondoka mwaka 1947, na hata kabla ya hapo.

Kiswahili kina Mhindi na kina Mhindu. La kwanza humtaja mtu kwa asili yake, la pili kwa dini yake, na kinachoyatenga ni irabu ya mwisho tu. Bibi, aliyekulia Ngamiani, ana mpangilio mpana zaidi ya huo. Kwake yeye anayekwenda hekaluni na asiyegusa nyama ni Banyani, na wengine ni Bohora, Khoja, Memoni, Mgoa au Kalasinga, na kila mmoja anamjua kwa sikukuu zake, kwa mavazi ya wanawake wake na kwa namna alivyokuwa akikopesha mwisho wa mwezi. "Mhindi" kwake ni jina la mtu ambaye bado hujamjua. Kizazi changu kimeyaacha majina hayo yote na kubaki na moja, na ndiyo maana binamu yangu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama chuoni nililazimishwa kufuata "dini ya Kihindi".

Nilimweleza kwamba dini yenye jina hilo haipo. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu bilioni 1.21, na kati yao asilimia 79.8 walikuwa Wahindu na asilimia 14.2 Waislamu, asilimia inayoonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa watu, kwani ni zaidi ya milioni 170, karibu mara tatu ya Watanzania wote tuliohesabiwa mwaka 2022. Bado hujawataja Wakristo, Makalasinga, Wabudha, Wajaini na Waparsi. Hao wote ni Wahindi kwa irabu ile ya kwanza, na ugomvi mkubwa wa India huru ni kama irabu hiyo inatosha kumpa mtu nchi.

Maneno yote mawili yametoka katika jina la mto mmoja, Sindhu, ambao Waajemi waliutamka kwa herufi "h", na kwa karne nyingi liliwahusu watu wa ng'ambo ya mto huo bila kuulizwa wanasali vipi. Waingereza walipoanza kuhesabu watu katika miaka ya 1870 walitaka kila mmoja aandikwe chini ya dini moja na tabaka moja, hata katika vijiji ambako mtu huyo huyo alikuwa akizuru kaburi la walii na hekalu pia, na mwaka 1909 wakawatengea Waislamu viti vya kupigiwa kura na Waislamu peke yao. Sisemi kwamba Waingereza ndio waliozua tofauti za dini, maana zilikuwapo. Lakini tofauti ikishaandikwa daftarini na kufungamanishwa na viti vya baraza, kila kiongozi hujifunza kuhesabu wa kwake kwanza. Mwaka 1947 mpaka wa nchi mbili, India na Pakistan, ulichorwa kwa wiki chache tu na Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India kabla ya kazi hiyo, ukatangazwa siku mbili baada ya uhuru wa tarehe 15 Agosti. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama makwao, na waliouawa ni wengi kiasi kwamba wanahistoria wanatofautiana kwa malaki.

Kabla ya umwagaji damu huo, jibu moja la swali la irabu lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1923 V. D. Savarkar, mwanasiasa wa Kihindu, akiwa bado mfungwa wa Waingereza, alichapisha hoja kwamba Mhindu ni yule anayeiona nchi hiyo kuwa ni ya baba zake na pia kuwa ni ardhi yake takatifu. Kwa kipimo hicho Kalasinga, Mjaini na Mbudha wanaingia, lakini Mwislamu na Mkristo, hata kama babu wa babu zao hawakuwahi kutoka kijijini, wanabaki mlangoni kwa sababu Makka na Yerusalemu ziko mbali. Jibu la pili ni la Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ambayo kamati yake ya uandishi iliongozwa na B. R. Ambedkar, na ambayo ilimpa uraia mtu aliyezaliwa au kufanya makazi humo bila kumuuliza dini yake. Tangu hapo majibu haya mawili yanaishi nyumba moja, na mimi niliyaona yakiishi Pune.

Pune ni mji wenye kumbukumbu nyingi kwa mtu anayetaka kuelewa jambo hili. Humo limo jumba lililojengwa mwaka 1892 na Aga Khan wa tatu, imamu wa Waismailia ambaye wafuasi wake tunawajua vizuri huku pwani, na ndani ya jumba hilo hilo Waingereza walimfungia Gandhi kuanzia mwaka 1942, na mkewe Kasturba akafia humo Februari 1944. Humo pia ndimo Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, kuanzia mwaka 1893, alipoitoa sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, majumbani na kuifanya ya hadhara, ili watu wapate mahali pa kukusanyika mbele ya serikali iliyoogopa mikusanyiko. Niliipenda sikukuu hiyo. Ngoma zake husikika kifuani kabla hazijasikika masikioni, na msafara wa kwenda kuzamisha sanamu mtoni hupita usiku kucha. Ilinichukua miaka kadhaa kujua kwamba kabla ya hapo Wahindu wengi wa maeneo hayo walikuwa wakishiriki maandamano ya Muharram pamoja na majirani zao Waislamu, na kwamba sehemu ya lengo la sikukuu mpya, baada ya ghasia za Bombay za mwaka 1893, ilikuwa kuwatoa huko. Sikukuu iliyowakusanya watu dhidi ya mkoloni iliwapunguza pia waliokuwa wakikusanyika, na mambo haya mawili yalitokea kwa pamoja, katika barabara zile zile nilizokuwa nikipita kwenda kazini.

Mwaka 2016 nilitafuta nyumba ya kupanga. Kila mwenye nyumba aliniuliza jina langu kamili, kisha akauliza kama ninapika nyama, na nilipojibu kwa ukweli nyumba ikawa imekwisha chukuliwa. Nilidhani ni kwa sababu ya ngozi yangu, na pengine ilikuwa hivyo kwa baadhi yao. Lakini mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa jimbo lile lile, mwenye Kimarathi cha mama na baba, aliniambia kwamba naye huulizwa jina la ukoo kwanza, kwa sababu jina hilo hueleza babu zake walikuwa wa tabaka gani. Yeye ni Mbudha, mjukuu wa watu waliohesabiwa kuwa hawagusiki. Mwishowe nilipata chumba Kondhwa, mtaa wenye Waislamu wengi na wanafunzi wengi kutoka Afrika, na urafiki wetu ukaanzia katika malalamiko hayo.

Yeye ndiye aliyenipeleka Bhima Koregaon, nje kidogo ya Pune, tarehe 1 Januari 2017. Pana mnara wa mawe uliojengwa na Waingereza kukumbuka vita ya tarehe 1 Januari 1818, ambapo kikosi cha Kampuni ya India Mashariki, chenye Wamahar wengi ndani yake, watu wa tabaka lililohesabiwa kuwa haligusiki, kilikabiliana na jeshi la Peshwa, mtawala wa Pune. Nilifika nikiwa na mafunzo yangu ya shule ya msingi: mnara wa mkoloni ni alama ya aibu. Nikakuta umati wa watu waliovaa mavazi meupe, akina mama wamebeba watoto, wakiinamisha vichwa mbele ya mnara huo kwa fahari. Ambedkar aliandika kwamba katika Pune ya akina Peshwa mtu wa tabaka la chini alitakiwa kufunga ufagio kiunoni ili afute vumbi alilokanyaga, na kuning'iniza chungu shingoni ili mate yake yasidondoke ardhini. Kwa wajukuu wa watu hao, aliyeanguka mwaka 1818 hakuwa mzalendo aliyeonewa na wageni. Nilisimama pale nikawafikiria askari wa Kihindi walioletwa na Waingereza hapa kwetu Tanga Novemba 1914 wapigane na Wajerumani, wakafa kwa wingi katika nchi wasiyoijua, na sijui kama kuna aliyewahi kutufundisha shuleni kuuliza walikuwa akina nani na nini kiliwafanya wachukue bunduki ya mkoloni.

Ambedkar mwenyewe alikwenda kwenye mnara ule mwaka 1927. Tarehe 14 Oktoba 1956, akiwa tayari ameiandikia nchi Katiba iliyopiga marufuku kumtenga mtu kwa tabaka, alisimama katika mji wa Nagpur akatoka katika Uhindu na kuingia katika Ubudha, pamoja na watu laki kadhaa waliomfuata siku hiyo. Alifariki kabla ya miezi miwili kutimia. Kwangu mimi tendo lile ndilo jibu lililo wazi kuliko yote niliyoyasikia katika miaka 11: aliacha dini aliyozaliwa nayo na hakupungua hata chembe katika Uhindi wake, akabaki kuwa mtu ambaye picha yake imetundikwa katika vibanda vya chai, na kila shule humtaja.

Nilikuwapo Kondhwa tarehe 9 Novemba 2019, Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi ilipoamua kwamba kiwanja cha mji wa Ayodhya, pale msikiti wa Babri ulipobomolewa na umati tarehe 6 Desemba 1992, kitolewe kwa ajili ya hekalu la Rama, mmoja wa miungu ya Wahindu. Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya uraia inayowarahisishia njia Wahindu, Makalasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo waliotoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan, bila kuwataja Waislamu. Watu walitoka barabarani katika miji mingi, na walichosoma kwa sauti hakikuwa mashairi peke yake. Walisoma pia dibaji ya Katiba. Hekalu lilipozinduliwa Januari 2024, miezi miwili kabla sijaondoka, mama mmoja niliyekuwa nikipita kwake kununua maziwa aliwasha taa za mafuta kibarazani huku akitokwa na machozi ya furaha, na sina sababu ya kutilia shaka imani yake. Jirani yangu wa Kondhwa alifunga madirisha mapema siku hiyo. Naamini kwamba serikali inayomuuliza mtu dini yake kabla ya kumwita raia imemkosea, hata ikiwa inamkosea kwa kura za wengi, na sikuweza kusema hivyo nilipokuwa mgeni kule kwa uwazi ninaousema sasa.

Mtoto wa jirani yangu huyo alinipa kitabu chake cha shule cha zamani kama zawadi ya kuagana, na katika kurasa zake za mwanzo imechapishwa dibaji hiyo. Juma lililopita nilikwenda nacho kwa mzee mmoja Bohora, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye familia yake ilitoka Kutch, magharibi mwa India, na ambaye yeye mwenyewe alizaliwa hapa na hajawahi kufika India. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniagizia kahawa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mgeni wa bibi aliyeniuliza: "Mwanangu, mimi kule ni nani siku hizi?"

Sikuwa na jibu la kumpa, nikafungua kitabu nikaanza kumtafsiria. Nilisema, "Sisi, Wahindi," naye akaninyanyulia mkono. "Hapana. Wahindi ni pamoja na mimi, na mimi ni Mtanzania. Hao ni watu wa India." Alikuwa sahihi; maandishi yenyewe yanasema hivyo hasa, sisi, watu wa India. Nikaendelea mpaka nikafika kwenye neno lililoongezwa mwaka 1976, nikaazima maneno ya ibara ya tatu ya Katiba yetu wenyewe: nchi isiyokuwa na dini. Akacheka kwa mshangao. "India isiyokuwa na dini? Hilo haliwezi kuwa." Nikamweleza kwamba neno la Kihindi lililotumika pale lina maana ya kutoegemea njia yoyote ya ibada, na kwamba watu wazima wenye elimu zao bado hawajakubaliana kama hiyo ni sawa na kutokuwa na dini. Alitoa kalamu ya kuandikia risiti, akageuza karatasi ya bei za misumari, akaniambia niandike maneno yote mawili, moja chini ya jingine, ayafikirie baada ya sala ya Ijumaa.