Kumfuata kasuku kura hadi Atiu

Kutoka Rarotonga hadi Atiu, katika Visiwa vya Cook, Bahari ya Pasifiki, ndege ndogo haikutumia hata saa moja. Kabla sijachukua begi, mama mmoja akanivisha koja la maua. Mimi ni mtu wa Unguja, koja nalijua. Lakini lililonishtua ni mawe: pwani yote ya Atiu ni matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, makali kama ya Makunduchi. Wenyewe huyaita makatea. Vijiji viko katikati ya kisiwa, juu kwenye udongo mwekundu, kati ya minazi na migomba.

Niliyemfuata anaitwa kura. Ni kasuku wa sentimita 19 hivi, mgongo kijani, kifua chekundu, kisogo cha zambarau. Kazi yake si kupasua kokwa kama kasuku wa kijivu tuliyezoea kumwona tunduni. Huyu anaishi kwa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na chavua: mbochi humpa nguvu, chavua humjenga mwili. Kwetu maua ni ya ndege chozi, mwenye mdomo mrefu mwembamba. Kura ana mdomo mfupi wa kasuku, ila ncha ya ulimi wake ina vinyweleo kama brashi, ndivyo vinavyokomba ua.

Siku ya kwanza mvua, siku ya pili mvua. Tulikaa barazani na mwenyeji wangu, bibi wa makamo, akanisimulia.

Zamani kura walikuwepo hapa. Waliwindwa kwa ajili ya manyoya mekundu ya kupambia vilemba vya machifu, hadi wakatoweka. Katika visiwa vyao vya asili walibaki Rimatara tu, Polinesia ya Ufaransa, na sababu ni mwiko. Mnamo mwaka 1900 Malkia Tamaeva alikataza ndege hao wasidhuriwe, na watu wakatii. Nawaheshimu sana watu wale. Hata hivyo, ndege aliyebaki kisiwa kimoja cha asili yake, maisha yake yanategemea meli moja tu isilete panya mweusi. Huyu panya hupanda mti. Aliyewahi kuokota vidaka vilivyotobolewa chini ya mnazi anamjua, na mayai ya kura huwa humo humo mitini, kwenye mashimo.

Atiu haina panya huyo. Ndiyo maana Aprili 2007 watu wa Rimatara walikubali kutoa kura 27, wakaletwa kwa ndege.

“Tulilia siku ile,” bibi aliniambia.

Kulikuwa na adui mwingine, maina, ndege jamaa ya kwezi kutoka Asia, aliyeletwa kisiwani ale wadudu waharibifu. Aliwasumbua makinda wa kura waliotoka tu kiotani. Niliwaza kunguru wetu wa Unguja, walioletwa mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, na hadi leo wanakula makinda ya ndege wengine. Sisi bado tunao. Watu wa Atiu, kuanzia 2009, walitega, walipiga risasi, mwaka baada ya mwaka, hadi maina wakaisha. Nilitamani wakubwa wetu wangekuwa nami pale barazani.

Asubuhi ya tatu kulikucha kweupe. Nyuma ya jiko kulikuwa na mnazi mfupi, karara limepasuka karibuni, upunga wa maua uko nje. Bibi alinishika mkono kabla sijasikia chochote. Kisha mlio mkali, na wawili wakatua.

Mmoja alining’inia kichwa chini, akawa anafuata uzi mmoja wa upunga baada ya mwingine, ua kwa ua, haruki hata moja. Kwa darubini niliuona ulimi ukitoka na kurudi upesi mno. Paji lake lote lilikuwa limepakaa chavua ya manjano.

“Wamezaliwa hapa hawa?” nilinong’ona.

“Hapa hapa, mwanangu. Lakini wa Rimatara wakija, tunawaambia ni wenu.”

Wale wawili walimaliza upunga ule, wakavuka paa kwenda mnazi wa jirani.